Zilipendwa kitandani kwa mgonjwa wa kiharusi

Baba yangu mdogo, mzee wa Mbagala, alipigwa na kiharusi kikampooza upande wa kulia na kumfunga ulimi. Kuomba maji hawezi. Lakini zilipendwa za Sikinde zikianza redioni anadaka kiitikio neno kwa neno, kidole cha mkono ulio mzima kikigonga godoro. Nyumba nzima tukaamini kwamba muziki unamrudishia damu kichwani, basi redio ikawaka mchana kutwa.

Haikuwa imani ya bure. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi hudai oksijeni, mishipa yake hutanuka na damu huongezeka. Mwaka 2001, huko Montreal, Anne Blood na Robert Zatorre waliwapima watu wakisikiliza muziki uliowasisimua hadi vinyweleo vikasimama, wakaona damu ikiongezeka kwenye maeneo ya ndani ya ubongo yanayohusika na raha. Ila wale walikuwa wazima. Mishipa iliyo karibu na jeraha la kiharusi mara nyingi haiitikii ipasavyo, na sehemu iliyokwisha kufa haifufuki hata ikimiminiwa damu. Hata kule kuimba kwa baba mdogo kuna maelezo mengine: lugha kwa kawaida hukaa upande wa kushoto, ambao ndio umeumia, wakati wimbo huegemea pia upande wa kulia.

Kinachonishawishi zaidi ni utafiti wa Helsinki wa mwaka 2008. Teppo Särkämö na wenzake waliwagawa wagonjwa 60 makundi matatu: la muziki waliouchagua wenyewe, la vitabu vya kusikiliza, na lisilopewa chochote. Baada ya miezi miwili ya kusikiliza kila siku, wale wa muziki walikuwa wamewapita wenzao kwa kumbukumbu ya maneno na umakini, na huzuni yao ilikuwa ndogo kuliko ya wale wasiopewa kitu. Wagonjwa 60 ni wachache, nakubali. Kubwa zaidi ni kwamba wote waliendelea na matibabu yao kama kawaida, na hapo ndipo sisi tulipoteleza. Tulipoona mzee anaimba, tulilegea. Vidonge vyake vya presha vikakaa siku tatu kwenye kikopo bila kuguswa. Shinikizo la damu lisilotibiwa ni miongoni mwa sababu kuu za kiharusi cha pili, na hakuna wimbo unaolishusha vya kutosha.

Jambo hili ni zito kwa jiji letu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, visa vipya vya kiharusi hapa vilikaribia 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, Hai vikiwa kama 109.

Redio hatujaizima. Asubuhi anameza dawa kwanza, kisha saa moja ya muziki, kisha mazoezi ya mkono. Stesheni anachagua yeye kwa kutikisa kichwa. Akigeuza uso ukutani, tunazima.