Nani Afunge Bomba? Jimbo, Kinshasa na Maji ya Lubumbashi

Mama anayeniuzia lengalenga (mchicha) hapa Katuba hujibu kabla sijauliza: "Hii si ya Naviundu, papa. Hii ni ya kisima." Naviundu ni mto ambao kila mpishi wa Lubumbashi anaujua kwa sababu ya maji ya viwanda yanayoingia humo. Kwamba kisima nacho kinakunywa kutoka ardhi ileile, hilo hatulizungumzi. Nalipa, naenda kupika.

Jibu hilo limenirudia kichwani tangu mwanzoni mwa Novemba 2025, maji machafu ya kiwanda kimoja cha kuchakata shaba na kobalti yalipofurika hadi kwenye mitaa ya Annexe, moja ya komini (manispaa) za Lubumbashi. Siku chache baadaye kiwanda kikasimamishwa kwa miezi 3. Amri ilitoka kwa waziri wa madini wa serikali ya taifa, iliyoko Kinshasa, mji mkuu wa Kongo. Si gavana, si meya, si mkuu wa komini. Basi ubishi wa zamani ukafufuka: kama maji yameingia kwetu, kwa nini kiwanda kifungwe na Kinshasa?

Kwa karatasi, jimbo halina mikono mitupu. Katiba ya 2006, katika ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na ibara ya 203 inaweka ulinzi wa mazingira kati ya mambo ambayo taifa na majimbo wanashirikiana. Haut-Katanga, jimbo letu, iliyozaliwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa, ina bunge lake linalopitisha sheria za jimbo, zile tunazoziita edi. Lakini kibali cha mgodi kinatoka Kinshasa. Uchunguzi wa madhara ya mgodi kwa mazingira unapitishwa na wakala wa taifa wa mazingira, na wizara ya madini ina idara yake ya kulinda mazingira ya migodi. Mwenye kusaini yuko mbali, mwenye kukohoa yuko hapa.

Wanaotaka jimbo lipewe meno wana historia upande wao. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, lilipoanza kuyeyusha shaba hapa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, uamuzi ulikuwa wa watu wa Bruxelles. Moshi ukafuata upepo unaovuma kuelekea kaskazini-magharibi, na msitu wa miombo uliokuwa njiani ukafa. Hadi leo, ukienda upande wa Penga-Penga, utakuta udongo ulio uchi ambapo miti imegoma kurudi, ingawa lile bomba refu la tanuru halijafuka moshi kama zamani kwa miaka mingi. Hakuna aliyekuwa Bruxelles aliyevuta hewa ile. Sasa kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege, na hoja ni ileile: asiyesikia harufu hana haraka.

Hoja hii ina nguvu, na kwa muda mrefu niliishika bila kuuliza zaidi. Kilichonitikisa ni hesabu ya pesa.

Kanuni ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inagawa mrabaha (malipo ya kampuni kwa madini inayochimba) hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la chini ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Utasema, basi Kinshasa ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kufumba macho, maana ndiyo inayochukua nusu. Kweli, lakini Kinshasa ina bandari, ina mafuta, ina wafadhili. Ukiondoa madini, Haut-Katanga inabaki na nini? Mahindi, ushuru wa soko na vizuizi vya barabarani. Kiwanda kikifungwa miezi 3, anayehisi pengo haraka ni jimbo. Halafu gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo ambao wote wanaweza kuenea ndani ya basi moja. Mwenye mfuko mzito akitaka kusikilizwa, hana safari ndefu ya kufanya.

Tazama pia tunavyotumia meno tuliyo nayo tayari. Mtu anayesukuma kinga (baiskeli) iliyobeba magunia ya makala (mkaa) husimamishwa kwenye kizuizi, hulipa, husimamishwa tena mbele. Naelewa, miombo inaisha, na mbabula zetu, majiko ya mkaa, ndizo zinazoimaliza kila umeme unapokatika. Ila lori la asidi linapita palepale. Aliye mdogo ndiye anayeonekana.

Kwa hiyo sitaki kumaliza kwa kusema jimbo lipewe ufunguo wa kufunga viwanda, wala sitaki kusema ufunguo ubaki Kinshasa na sisi tukae. Naona tunagombania swali la pili na la kwanza hatujaligusa: nani anajua ndani ya maji kuna nini? Sijawahi kuona ubao wowote, kwenye komini wala sokoni, unaosema mwezi huu maji ya mto Kafubu yalipimwa yakakutwa hivi.

Wajuzi wapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji walitoa matokeo mwaka 2009 yaliyoonyesha kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Mwaka 2020 ukatoka uchunguzi mwingine, ukihusisha kazi ya baba mgodini na watoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Kupima mito hakuhitaji saini ya waziri wa taifa. Bunge la jimbo linaweza kupitisha edi: Naviundu, Kafubu na mto Lubumbashi vipimwe kila mwezi, matokeo yabandikwe.

Wengine huona vipimo ni kazi ya wasomi tu. Lakini kanuni ileile ya 2018 inasema mwenye mgodi analipa madhara aliyosababisha hata kama hakukosea wala kuzembea. Ni sheria kali kweli. Tatizo ni neno moja, "aliyosababisha". Mkulima akifika mbele ya hakimu na mboga zilizoungua, mwanasheria wa kampuni atauliza: maji yalikuwaje kabla ya siku hiyo? Asipokuwa na karatasi ya miezi iliyotangulia, ubishi umekwisha. Kila mwezi usiopimwa ni ushahidi uliokwenda na maji.

Kuna pingamizi moja ambalo sijaweza kulijibu lote. Siku ubao ukisema Naviundu ni mbaya, wa kwanza kuumia hatakuwa mwenye kiwanda. Atakuwa mama wa lengalenga. Bei itaanguka siku hiyohiyo, na fidia, ikija, itakuja baada ya miaka. Labda sehemu ya ile asilimia 15 ya mrabaha iende kuchimba visima virefu kwa wakulima wa mbogamboga kabla ya ubao kubandikwa. Labda ubao utaje pia maji mazuri, ili anayemwagilia vizuri auze kwa jina. Hata hivyo kutakuwa na watu watakaopoteza mashamba ya kando ya mto, nao wana haki ya kutuuliza kwa nini tulianza na kuwatangaza wao.

Kikao cha Septemba cha bunge la jimbo ndicho cha bajeti. Wizara ya mazingira ya jimbo itakuwa na fungu lake humo kama kawaida. Nitakachotafuta ni mstari mmoja: gharama ya chupa, ya petroli, na ya mtu wa kwenda mtoni kila mwezi. Na juu ya mstari huo, wa visima.