Mwogeleaji wa Filamu Hatafutwi kwa Medali

Watayarishaji wa filamu wakihitaji waogeleaji, tangazo huwa ni lile lile: wanatafutwa waogeleaji hodari, wenye mwili wa mazoezi, watume picha mbili na muda wao bora wa mita 100. Nikilisoma huwa najiuliza kama aliyeliandika amewahi kukaa majini saa nzima bila kuogelea. Maana kazi yenyewe ndiyo hiyo. Unaingia, unasubiri taa zirekebishwe, unaogelea mita kumi na kitu, unaambiwa simama, unarudi ulikotoka, unasubiri tena. Huo muda wa mita 100 hauna pa kutumika.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni wa upande wa waogeleaji. Filamu inayotegemea maji ni heri imchukue mtu wa maji na kumfundisha kuigiza, kuliko kumchukua nyota asiyeelea na kumficha nyuma ya mwigizaji mbadala kila anapolowa. Mwili majini haujui kudanganya. Aliyejifunza juzi utamwona kiuno kinazama, kichwa kinanyanyuka kutafuta hewa, magoti yanakunjwa kama anaendesha baiskeli. Mtazamaji huenda asijue kasoro ni nini, lakini atajua ipo. Ninachogombana nacho ni mlango unaobishwa. Watayarishaji hukimbilia wenye kasi, wakati kasi ni kitu ambacho kamera haikihitaji sana.

Chukua mfano wa Johnny Weissmuller, ambaye kila mtu humtaja kama ushahidi kwamba medali huuza. Kweli alikuwa na dhahabu 5 za Olimpiki, 3 za Paris mwaka 1924 na 2 za Amsterdam mwaka 1928, na mwaka 1932 akaonekana kwenye sinema akiwa Tarzan, yule mtu wa msituni. Mimi huitazama medali yake nyingine, isiyotajwa sana: shaba ya polo ya majini, ule mchezo wa timu mbili kurushiana mpira na kufunga magoli ndani ya maji, Paris hiyo hiyo. Mchezaji wa polo huogelea kichwa kikiwa juu ya maji, kwa sababu lazima auone mpira na wenzake. Kwa mbio za mita 100 huo ni upotevu wa nguvu. Kwa kamera ni zawadi, kwa sababu sura inaonekana. Makocha hadi leo wana zoezi la kuogelea mtindo huru huku kichwa kimeinuliwa, na wengi huliita Tarzan. Ningekuwa natafuta waogeleaji wa filamu, ningeanzia kwa wacheza polo, kisha waogeleaji wa kisanii, wale wanaocheza majini kwa kufuata muziki, kisha waokoaji wa ufukweni. Wakimbiza saa wangefuata baadaye.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Ricou Browning. Watu wa filamu walikwenda Wakulla Springs, Florida, kutafuta mahali pa kupigia picha za chini ya maji. Browning ndiye aliyekuwa akiwatembeza. Wakamwomba aogelee mbele ya kamera, ili tu wapate kipimo cha ukubwa wa mtu kwenye picha. Baadaye wakampigia simu: wameupenda uogeleaji wake, wanataka awe dude lao la majini. Filamu, Creature from the Black Lagoon, ikatoka mwaka 1954. Nchi kavu vazi la dude hilo alilivaa mtu mwingine, Ben Chapman, na majini akalivaa Browning, tena bila mtungi wa hewa mgongoni, akienda kuvuta hewa kwenye bomba la mpira kati ya kipande na kipande. Hakuna aliyemuuliza ana sekunde ngapi. Waliona anavyokwenda, wakaridhika.

Hapo ndipo usaili unapopaswa kufanyika: majini, kamera ikiwashwa. Kwanza mvue mtu miwani. Utashangaa ni waogeleaji wangapi wazuri ambao hawajafumbua macho ndani ya maji ya klorini tangu utotoni, na wakifumbua uso mzima unajikunja. Kisha mwambie apumulie upande wa kushoto, kwa sababu kamera iko huko. Aliyezoea kulia tangu mwanzo, mkono wake mmoja utaanza kupotea njia. Mwambie aelee wima, mikono isionekane ikifanya kazi, na aseme maneno sita kwa sauti ya kawaida. Mwishowe mwambie aogelee vibaya.

Hilo la mwisho ndilo linalowashinda mabingwa. Miaka yote umefundishwa kuondoa kosa mwilini, sasa mtu anakuomba ulirudishe. Na filamu nyingi za maji zinahitaji kosa hilo: mhusika anayejifunza, anayechoka, anayezama. Kuzama kwenyewe huigizwa ovyo kuliko kitu kingine chochote kwenye sinema. Mtu anayezama kweli kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo unazama na kuibuka, hewa ya kuitia kelele haipo, mikono inasukuma maji chini kwa pembeni, na mambo huisha ndani ya dakika moja, watu wakiwa karibu bila kutambua. Mwokoaji mzoefu anaijua picha hiyo na anaweza kuiigiza. Mwongozaji akimlazimisha apige mayowe, basi amelipia ujuzi na kuutupa.

Filamu zinazosimulia enzi za zamani zina mtego wao. Ukiweka kijana wa leo kwenye mashindano ya mtindo huru ya miaka ya 1950, ataruka, kisha atakaa chini ya maji akipiga miguu kama pomboo hadi mita 15, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na ndipo sheria ya leo inapomruhusu kufika. Wa enzi ile aliibuka mapema na kuanza kupiga mikono. Watu wa mavazi watahangaikia kitambaa cha nguo ya kuogelea, halafu mwili ulio ndani yake unaogelea karne nyingine.

Kuna jambo ambalo watayarishaji hawalipendi kuzungumzwa. Waogeleaji ni watu wa kujikaza, na kujikaza kwao ni hatari. Mwambie mwogeleaji kipande kinarudiwa na safari hii akae chini zaidi. Atahema haraka haraka mara kadhaa kisha azame. Kuhema huko hakumwongezei oksijeni ya maana. Kunachofanya ni kupunguza kabonidaioksaidi, ambayo ndiyo inayoupa mwili hamu ya kuvuta pumzi. Hamu ikichelewa, oksijeni inaisha kwanza, na mtu anazirai chini ya maji kimya kimya, akionekana ametulia kama alivyoagizwa. Kwa hiyo lazima pawe na mpiga mbizi wa usalama ambaye kazi yake ni kumtazama mtu huyo mmoja tu, na mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi bila kumuuliza mwongozaji. Esther Williams wa Marekani alikuwa bingwa wa kuogelea kabla ya kuwa nyota wa filamu, na bado alivunjika pingili za shingo kwa kuruka kutoka mnarani akiwa na taji la metali kichwani, kwenye filamu iliyotoka mwaka 1952. Umahiri wake majini haukubadilisha uzito wa lile taji.

Baridi nayo. Mabwawa ya mashindano huwekwa nyuzi 25 hadi 28 za selsiasi, joto linalomfaa mtu aliye mwendoni. Simama humo bila kusogea, na maji, ambayo huondoa joto mwilini haraka mara ishirini na zaidi kuliko hewa, yatakutetemesha taya muda si mrefu. Midomo ya bluu haifutiki kwa vipodozi.

Ndiyo maana malipo yananikera. Mwogeleaji huyu huorodheshwa pamoja na waigizaji wa ziada, wale wanaopita barabarani na mfuko mkononi, na kulipwa posho ile ile ya siku. Mkataba wake ungepaswa kutaja saa za kukaa majini, joto la maji, idadi ya kurudia vipande vya kushika pumzi, na nani ana haki ya kusema basi. Kama wewe ni mwogeleaji na umeletewa karatasi isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, usitie sahihi bado. Uliza kwanza jina la mpiga mbizi wa usalama. Wakitazamana, umeshapata jibu.