Kabla Hamjaendelea Kuniita Mzee wa Kijani

Najua video mmeshaiona, ile ya mimi na kompyuta yangu ya zamani sebuleni. Swahiba wangu ameisambaza mpaka kwa shangazi zangu Tanga, tena kaikata pale panapomfaa yeye. Basi sikilizeni na upande wa marehemu.

Chanzo ni ubishi wetu wa siku zote: zile kompyuta za wahandisi za miaka ya 1980, nguvu ilikuwa kwenye prosesa au kwenye chipu ya grafiki? Yeye ni mtu wa Apollo na Sun, kampuni zilizotengeneza kompyuta hizo, na prosesa ndiyo dini yake. Atakusimulia mpaka chakula kipoe jinsi Apollo walivyofunga prosesa mbili za Motorola 68000 kwenye mashine moja, kwa kuwa chipu ile ikikosa ukurasa (kipande) wa kumbukumbu katikati ya amri haikuweza kurudi ikaendelea ilipoishia, mpaka lilipokuja toleo la 68010. Mimi ni Silicon Graphics damu, washindani wao. Nao walianza na familia hiyohiyo ya 68000, lakini mwanzilishi wao Jim Clark alitoka Chuo Kikuu cha Stanford na Geometry Engine, chipu ya pembeni inayobeba hesabu za kuzungusha na kukata maumbo, prosesa ikabaki kutoa amri.

Kumaliza ubishi nikanunua Indy, kompyuta ya Silicon Graphics, toleo la 1993, mtumba, hapahapa mjini Reading. (Bei tutaongea pembeni, mke wangu naye yumo humu.) Nikaalika watu, shemeji akapika pilau.

Sasa hapa twende taratibu. Nimesimama mbele ya sebule nzima na jezi yangu ya Simba. Nabonyeza. Kile kimuziki chake kinalia, watu wanapiga makofi. Picha inatokea.

Kijani.

Menyu kijani. Mshale kijani. Birika langu la kuchorwa la pande tatu (3D), nililokesha nikiliandaa lizunguke, linazunguka kijani. Shemeji akasema, "Kumbe kompyuta yenyewe Yanga!"

Mwenye akili zake angezima. Mimi nikageukia hadhira na sauti ya profesa: "Kijani hiki mnachokiona ndiyo Geometry Engine yenyewe, iko kazini." Msiniulize maneno yalitoka wapi. Nikaeleza jicho la binadamu linavyopenda kijani. Nikagusia na marubani wa kivita. Watu wanatikisa vichwa, swahiba kainua simu anarekodi, na kuna mtoto, jamani, mtoto wa watu, alikuwa anaandika kwenye daftari.

Kwenye kona kulikuwa na mzee mmoja aliyeletwa na mgeni wangu, kimya tangu afike, anashughulika na mfupa. Akaufuta mdomo.

"Mwanangu, hiyo bodi ya grafiki ni XL au XZ?"

"Shikamoo mzee. Hii ni orijino."

"Marahaba. Hebu andika hinv."

Nikaandika. Hiyo ni amri ya kuorodhesha vilivyomo ndani ya mashine. Mzee akasogeza miwani, akasoma, akanitazama kwa huruma ambayo sijaiona tangu nifeli fizikia. Kumbe yangu ni XL, na grafiki ya XL haina Geometry Engine hata ya dawa! Hesabu zote za maumbo inazibeba prosesa ya MIPS. Yaani prosesa. Ile ya swahiba. Na kijani je? Mashine hizi hupitisha ishara ya kupatanisha picha kwenye waya wa rangi ya kijani, na skrini yangu ya dukani haikujua kuitenganisha na rangi.

Yaliyofuata mnayajua: swahiba akapanda juu ya kochi, shemeji akacheka mpaka akakalia kachumbari, mzee akabeba pilau lake kwenye kontena akaaga. Mama wa yule mtoto sijapokea simu yake mpaka sasa.

Ila ubishi haujaisha. Natafuta bodi ya XZ, ile yenye Geometry Engine nne. Mwenye nayo aje inbox, na skrini inayoelewa huo waya kama ipo. Mzigo usiletwe nyumbani.