Barua ya mwenyekiti wa jumuiya: malezi au rungu?

Mvuvi wa dagaa hapa Kigoma hafuati kalenda ya parokia, anafuata giza. Kukiwa na mbalamwezi taa za karabai hazina kazi, kwa hiyo watu hukaa nyumbani na kushona nyavu. Giza likirudi wanalala ziwani. Sasa chukua jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, iliyo karibu na mwalo wa Kibirizi na inayosali kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo yeye ndiyo kwanza anashusha mzigo, mkewe anagombea bei na wachuuzi. Mwisho wa mwaka daftari la mahudhurio linasema ni watoro, na wakienda kuomba barua ili mtoto abatizwe, mwenyekiti anawaambia, "Jumuiya haiwatambui."

Lakini barua hiyo ina utetezi wake, na si utetezi mwepesi. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao ya Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya hizi kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa lihamie majumbani, mahali ambapo mgonjwa anajulikana kwa jina. Paroko mwenye vigango vingi, yaani makanisa madogo ya parokia yake, hawezi kumjua kila mzazi. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 868, inadai pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Nani atashuhudia hilo kama si majirani?

Kuna pia suala la haki. Mama anayefua vitambaa vya altare, anayetoa mchango hata siku ambazo kwake ugali ni wa shida, anamwona mtu asiyeonekana mwaka mzima akibisha hodi siku ya msiba: anataka kwaya, anataka turubai, anataka wapishi. Ukimwambia mama huyo "tusihukumu", umemtukana.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo, kanuni ya 843, inakataza wahudumu kumnyima sakramenti mtu anayeiomba kwa wakati ufaao, aliyejiandaa vizuri na asiyezuiwa na sheria. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, kama vile walioasi imani waziwazi, na hata hao huzikwa wakiwa wameonyesha dalili za toba kabla ya kufa. Mtoro wa jumuiya hayumo. Anayemnyima anatumia sheria aliyojitungia mwenyewe.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kuweka vitu viwili kwenye daftari moja. Mfuko wa kufa na kuzikana ni makubaliano ya watu. Una haki ya kuwa na masharti, hata makali, na asiyechangia asilalamike turubai lisipoletwa. Ubatizo hauchangiwi. Barua iseme tu kinachojulikana: familia hii inaishi hapa, inasali au haisali, tumeitembelea au hatujaitembelea. Uamuzi abaki nao paroko. Na hilo neno la mwisho, kutembelea, ndilo ningependa liandikwe daftarini kabla ya mahudhurio. Ratiba nayo si Injili. Jumuiya ya wavuvi ikisali Jumapili alasiri, au ikiongeza vikao wakati wa mbalamwezi, haijavunja amri yoyote.

Tunu ninayoiona ikipotea zaidi, na isiyo na safu daftarini, ni siri. Baada ya kutafakari Neno watu hutoa nia zao. Mama anasema, "Mniombee, nyumbani si kuzuri." Kufika saa nne sokoni, muuza mawese anamuuliza mama huyo, "Mumeo alihamia wapi?" Wiki inayofuata mama huyo ataombea mvua na Baba Mtakatifu, basi. Vivyo hivyo kusoma michango kwa sauti, jina kwa jina: hazina inapona, ila aliyesomewa sifuri haonekani tena, halafu tunamwandika mtoro.

Wenyeviti watanijibu kwamba watu wakijua barua hainyimwi, nusu hawatakuja. Inawezekana. Basi paroko atakuwa amejua, kwa mara ya kwanza, ni wangapi walikuwa wakija kusali na wangapi walikuwa wakija kulinda barua.