Orodha Mmeitoa, Nani Ameisoma?

Wiki iliyopita niliitwa kwenye kikao cha ofisi moja hapa mjini, jina nalihifadhi, wanaotaka kuhamisha mafaili yao yote kutoka kwenye seva, kompyuta ya kutunzia mafaili ya ofisi, iliyofichwa chini ya ngazi, kwenda kwenye wingu la Microsoft, yaani hifadhi yao inayofikiwa kwa intaneti. Mshauri kashuka na ndege ya asubuhi kutoka Dar, shati limenyooka, slaidi zimepangika. Kwenye ratiba yake, kuhamisha ni Jumamosi na Jumapili. Jaribio ni Ijumaa, saa 10 mpaka saa 11 jioni. Saa moja! Tena jioni ya Ijumaa, muda ambao nusu ya ofisi mawazo yao yameshafika Kirumba kwenye sato wa kuchoma. Nikamuuliza, ndani ya saa hiyo atajaribu nini? Akajibu, "Tunaendesha programu bila kuhamisha faili lolote. Isipoleta kosa, tunasonga mbele." Wakubwa wakatikisa vichwa kuafiki. Chai ikaletwa.

Najua kuna watakaosema huyu ni fundi wa Mwanza mwenye wivu na washauri wa Dar. Wivu upo kidogo, sikatai. Lakini tuzungumze kazi.

Kuendesha programu bila kugusa faili ni jambo jema, hilo nampa kwa shingo upande. Programu za kunakili mafaili zina alama ya kuziambia zijaribu tu: rclone ukiiongezea -n, rsync nayo -n, Robocopy /L, zote zitapita folda kwa folda zikikuandikia: hili ningelinakili, hili ningeliruka, hili ningelifuta. Na wanaocheza na rclone wanajua kwamba ile amri ya kusawazisha hulazimisha upande wa pili ufanane na chanzo, hata ikibidi kufuta. Sasa geuza pande kwa uchovu wa usiku, wingu tupu liwe chanzo, seva iwe mwisho. Utafuta ofisi nzima na programu haitalalamika hata kidogo, maana imetii ulichoiamuru. Jaribio lingekuonyesha mistari maelfu kwa maelfu ya mafaili yanayosubiri kufutwa. Lingekuonyesha, kama kuna mtu anayesoma.

Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Nani anasoma? Seva ya ofisi yenye miaka kumi hutoa orodha ndefu kuliko subira ya binadamu yeyote siku ya Ijumaa. Fundi anatazama mistari ya mwisho, haoni maandishi mekundu, anasema "imepita". Mama anayenunua dagaa pale Mwaloni hatazami mdomo wa gunia akatoa hela. Anazamisha mkono mpaka kwenye kitako, anaibuka na konzi, anaangalia kama kuna mchanga. Na anazamisha mkono wake mwenyewe, hamtumi mpiga debe, kwa sababu hasara ikitokea ni yake.

Orodha ya jaribio wanapaswa kuisoma wenye mafaili. Karani wa masjala. Mhasibu. Yule mzee wa miradi mwenye folda inayoitwa "USIGUSE", ndani yake "Mpya", ndani yake "Mpya 2", na ndani kabisa mikataba ambayo nakala yake haipo popote pengine. Mimi fundi nikiona "Mpya 2" naona takataka. Yeye anaona kesi ya ardhi iliyoko mahakamani.

Chukua majina tu. SharePoint, sehemu ya wingu la Microsoft ambako mafaili ya ofisi hukaa, haipokei njia ya faili inayozidi herufi 400, ukihesabu folda zote na jina lenyewe, na haitaki alama kama nukta pacha au alama ya kuuliza. Seva inayotumia mfumo wa Linux, kama hii ya kwao, haina shida nazo, kwa hiyo watu wamejiandikia "Kikao 10:30" miaka nenda rudi. Programu inaweza kupita hapo kimya. rclone, kwa mfano, hubadilisha alama iliyokatazwa ikaweka nyingine inayofanana nayo kwa macho. Faili linafika salama salimini, ila siku ukilitafuta kwa kuandika jina kama ulivyozoea, huenda usilione. Halafu kuna "Mishahara" yenye M kubwa na "mishahara" yenye m ndogo, yote ndani ya folda moja. Kwenye Linux ni mafaili mawili. Kule yanakokwenda hilo ni jina moja. Lipi ndilo la kweli? Muulize fundi uone atakavyokodoa macho.

Sasa niwape kisa kilichonifanya niandike. Katikati ya kikao dada mmoja wa uhasibu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinua mkono. "Samahani kaka, hivi ile Z yangu itabaki kuwa Z?" Watu wakacheka. Mshauri naye akatabasamu, akamwambia asijali, dada, hayo ni ya kitaalamu.

Jamani! Hilo ndilo lilikuwa swali pekee la kitaalamu asubuhi ile. Majedwali yake ya Excel yanavuta namba kutoka majedwali mengine yaliyoko kwenye diski Z. Yatahama yote, kila baiti, ukubwa utalingana, ukaguzi utapita, mshauri atapanda ndege. Jumatatu dada atafungua jedwali la mwezi na zile namba hazitajisasisha, kwa kuwa njia inayoanzia Z haipo tena. Hakuna -n duniani itakayokuonyesha hilo. Kwa hiyo ndiyo, nakubali, jaribio lisilogusa kitu halitoshi. Chukua nakala ya folda yake moja, iweke kwenye wingu, mkalishe yeye kwenye kiti, afunge hesabu za mwezi uliopita kuanzia mwanzo hadi mwisho huku wewe umenyamaza pembeni ukiandika anapokwama. Hiyo haiishi kwa saa moja.

Kuhusu wikendi yenyewe sina maneno mengi. Terabaiti 1 kwenye laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9, usiku na mchana, umeme usikatike. Na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, nchi nzima ilijua wikendi ni kitu gani. Pima kwa gigabaiti chache za kweli kwanza. Na kama kuna taarifa za watu humo ndani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti yake kuhusu kuzivusha mpaka. Mwanasheria aitwe kabla ya mshauri, siyo baada.

Mkurugenzi alipoona nang'ang'ania wiki mbili za majaribio badala ya saa moja akauliza bando la majaribio yote hayo atalipa nani. Jaribio la orodha halibebi faili hata moja, mheshimiwa, linakula data kidogo tu. Kama ni kubana matumizi, tuanzie kwenye hizi chai za vikao.