Niacheni na simulizi yangu ya kijasusi

Juzi nimepitiliza kituo. Natoka Mbagala, nilitakiwa nishuke Kwa Aziz Ali nikaja kushtuka tupo Bendera Tatu, konda ananiangalia kama mgonjwa, na yote hiyo sababu ya msimuliaji wa hadithi ya kijasusi ya YouTube kwenye hedifoni, aliyekuwa anahesabu hatua za mtu nje ya mlango wa gesti, nne, tano, sita, halafu kimya. We ungeshuka?

Nikamhadithia rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, akacheka kweli, akasema dada unamaliza bando kwa riwaya pendwa. Ndo jina lake huko vyuoni, riwaya pendwa, na zile zingine nzito wanaziita riwaya dhati. Sasa kupendwa kumeanza kuwa kosa lini jamani?

Na wala hizi mambo hazijaanza na YouTube. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake ameanza kupeleleza kwenye riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, 1960 hiyo, mwandishi Katalambulla akaja na Simu ya Kifo 1965, baadae Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, Mtobwa na Joram Kiango wake, vitabu vikawa vinaazimwa mpaka vinaisha majalada. Kimoja tulichokuwa nacho nyumbani kilichanika kurasa za mwisho, muuaji simjui mpaka leo na hasira ninayo.

Kuzisikiliza ndo nimegundua kitu. Ukisoma, jicho linaiba, linakimbilia chini ya ukurasa kuangalia kama jamaa kapona, lakini sikio haliwezi kuiba, linamsubiri msimuliaji avute pumzi, na yeye anajua kabisa unasubiri, anakunyima makusudi. Bibi zetu na paukwa pakawa zao walikuwa wanatufanyia hivyo hivyo, wanakohoa kidogo pale pale zimwi linapofika mlangoni. Hiyo ni kazi bwana, sio bahati, sentensi moja ikizidi tu taharuki yote imekufa.

Siwezi kusema zote nzuri. Wanawake humo karibu wote ni warembo na wasaliti, bastola ya adui inagoma kila inapohitajika, na kuna msimuliaji mmoja akifika sauti ya kike anabana pua utadhani ana mafua, hapo huwa naruka mbele.

Na riwaya dhati pia ninayo kabatini, Mzingile ya Kezilahabi, na naipenda, nimeisoma mara mbili na mara zote ilibidi nikae chini, nyumba imelala, kichwa kimetulia. Huwezi kuisikiliza huku unageuza chapati. Yule rafiki yangu mwalimu anataka nichague pendwa au dhati, mi sioni nachagua nini, mbona pilau na ubuyu vyote nakula na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Leo usiku nina kilo mbili za maharage ya kuchambua, na jamaa bado amefungiwa stoo kule bandarini.