Theluji Haisemi Kweli Yote

Tangu nihamie nchi ya baridi nimesikia mara nyingi kwamba theluji humfanya kila mtu kuwa msomaji wa nyayo. Mimi niliyejifunza kazi hiyo kwenye vumbi la nyumbani sikubaliani kikamilifu na kauli hiyo.

Kuziona nyayo huku ni rahisi, hilo sibishi; kuzisoma ni jambo jingine. Jua likiipiga theluji kwa saa chache, kingo za unyayo huyeyuka na kutanuka, hata mguu wa mbwa wa kufugwa ukadhaniwa kuwa wa mbwa mwitu, nami nimewahi kuaibika hivyo mbele ya wenyeji. Afadhali kutazama mpangilio wa hatua. Sungura anaporuka, miguu yake ya nyuma hutua mbele ya ile ya mbele, kiasi kwamba mgeni huweza kumfuata akielekea alikotoka. Kindi naye huruka vivyo hivyo, lakini miguu yake ya mbele hutua sambamba, na njia yake kwa kawaida huanzia mtini na kuishia mtini. Pasipo nyayo, vichaka hutoa ushahidi: kijiti kilichokatwa safi kwa mshazari ni kazi ya sungura, ilhali kilichochanika nyuzinyuzi ni cha kulungu, ambaye hana meno ya mbele katika taya la juu.

Vumbi la nyumbani ni bahili: hukuonyesha hatua tatu, kisha jiwe au nyasi hukatiza habari. Ubahili huo ndio uliotufundisha kuuliza kwanza alama ni ya lini, maana unyayo wa nyati wenye kingo kali, usiopitiwa hata na sisimizi, ni onyo la kugeuza njia. Huku wengi hawalijali swali hilo, ingawa kidole chaweza kulijibu, kwa kuwa theluji iliyokanyagwa huzidi kuwa ngumu kadiri muda unavyopita.

Nilichojifunza huku ni kufuata nyayo kinyume. Majira haya kulungu huishi kwa kutegemea sana mafuta ya mwilini, na kumkurupusha katika theluji nzito ni kumpotezea akiba ambayo hataipata tena kabla ya majani kuchipua. Basi asubuhi moja nilielekea alikotoka, nikafika kwenye malazi yake: shimo lililoyeyushwa na joto la mwili, nywele chache zikiwa zimegandia barafuni. Nyumbani nisingethubutu kukaribia malazi ya mnyama bila kuhakikisha kwamba ameondoka. Hapa nyayo zenyewe zilikuwa zimekwisha kunihakikishia.